Kumficha Nani Nini: Lugha ya Programu za Faragha Mombasa Bara

Makala haya yahusu maneno wayatumiayo watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanapozungumza juu ya programu za kulinda faragha katika simu na kompyuta zao. Programu hizi zimeenea upesi kuliko maelezo yake. Kijana wa Kisauni ana VPN katika simu na huiwasha kila apatapo nafasi. Mama muuza mahamri wa Mtongwe huarifiwa na simu yake kwamba ujumbe anaompelekea mwanawe aliye Dubai "umefumbwa". Karani wa bohari huko Changamwe hufungua dirisha "fiche" katika kompyuta ya kazini, na akisha kulifunga huona moyo umetulia. Wote watatu wamepewa maneno. Kama wamepewa na maana pia, hilo ndilo tutakalolichunguza.

Sina nia ya kuwacheka wasiojua. Hata wanaojua hutofautiana, na mabishano yao barazani au ndani ya matatu aghalabu huwa marefu bila ya kuwapo jambo lenyewe linalobishaniwa: kila mmoja ametumia neno lile lile kwa kitu chake. Rai yangu ni kwamba sehemu kubwa ya kutoelewana huku yatokana na jinsi istilahi zilivyoundwa, hasa ile desturi ya kuunda jina mahali ambapo Kiswahili kina kitenzi kinachoifanya kazi hiyo barabara.

Istilahi zilikotoka

Mji wa Mombasa una historia ya pekee katika suala hili. Mkutano wa mwaka 1928, uliokata shauri kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ulifanyika papa hapa. Kimvita, lahaja ya mji wenyewe, kikawekwa kando. Kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930, na tangu hapo mtu wa Mombasa amezoea kupokea maneno yaliyokwisha pikwa kwingine. Sisemi kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya, maana lugha sanifu imetufaa sana. Nasema tu kwamba mazoea ya kupokea yana mizizi mirefu. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa miaka mingi na kufariki mwaka 2017, hakuyakubali mazoea hayo. Yeye alishikilia kwamba kabla ya kukopa kwa wageni tutazame kwanza katika lahaja zetu, na ndiye aliyetupa runinga, rununu na tarakilishi. Wako waliomcheka, lakini runinga na rununu leo yasikika katika redio za Kenya bila mtu kushtuka. Upande wa Tanzania, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu ya ofisi kwa Kiswahili, na kwa kazi hiyo ikabidi iandaliwe orodha nzima ya istilahi.

Siku hizi njia imekuwa nyingine. Maneno huingia pamoja na programu, yakiwa yamekwisha tafsiriwa na kampuni za ng'ambo, na humfikia msomaji katika kioo cha simu pasipo mtu wa kumwuliza. Yako yaliyofanikiwa. Neno vidakuzi, lililotiwa kwa yale mafaili madogo ambayo tovuti huyaacha katika simu ya mtu ili imtambue arudipo, lasema mengi kuliko neno la Kiingereza, ambalo ni biskuti tu: sikioni mwa Mswahili vidakuzi ni ndugu wa udaku, na kazi yake ni hiyo hasa, kumhadithia mwenye tovuti habari zako. Taabu yake ni kwamba laachana na wadukuzi kwa irabu moja tu, hata mtu akishauriwa "futa vidakuzi" hudhani amefukuza wezi.

Mengine hayakubahatika. Changamwe, ambako kiwanda cha kusafisha mafuta kilifanya kazi tangu 1963 hadi 2013, "ukuta wa moto" haumwashirii mtu ulinzi, wamwashiria ajali. Waliochagua "ngome" badala yake walijua wasemalo, kwani watu wa Mombasa waijua ngome, nao wajua kwamba ngome ina lango, na aliye langoni ndiye aamuaye nani apite.

Lakini neno lililotuponza kuliko yote ni "pepe". Wafasiri wamelitumia kwa vitu vya ndani ya kompyuta visivyoshikika, na VPN ikawa "mtandao pepe binafsi". Kwa mkulima wa mpunga, pepe ni punje isiyo na kiini. Basi mtandao pepe ni mtandao mtupu. Na tukiongeza kwamba "mtandao" kwa watu wengi ni kampuni ya simu, si intaneti, twapata picha ya kampuni nyingine isiyo na gharama. Ndivyo vijana wengi walivyoichukulia VPN: kitu cha kupata intaneti bila kununua bando. Sidai kwamba neno ndilo lililoileta imani hiyo, ila halikuizuia. Programu za namna hiyo zipo, na "faili" zake hugawiwa na kuuzwa. Hupenya kwa kujifanya zinafungua tovuti ambayo kampuni ya simu haiitozi. Huo ni ujanja wa kukwepa malipo, wala si ulinzi wa faragha; bali mawasiliano yote ya kijana hupita katika mashine ya mtu asiyemjua.

Siri, faragha, sitara

Maneno haya matatu yametoka katika Kiarabu, na yamekaa pwani muda mrefu hata yamegawana kazi. Siri ni jambo: lajulikana na wachache, na likitoka halirudi. Faragha ni mahali au wakati: watu wawili huzungumza faragha, na wapitao waweza kuwaona kwa mbali wasisikie neno. Sitara ni kifuniko cha mtu na heshima yake: aliyevaa buibui na kujifunika uso aonekana na kila mtu kwamba yupo, lakini hajulikani ni nani. Mswahili hayachanganyi mambo haya katika maisha yake ya kila siku. Hasemi nyumba yake ina siri akitaka kusema ina ukuta.

Programu nazo zimegawana kazi vivyo hivyo. Iko ilindayo yaliyosemwa, iko imsitiriyo aliyesema, na iko iondoayo nyayo zilizobaki katika chombo alichotumia. Si kila moja ifanyayo kazi zote tatu. Lakini barazani, na zaidi katika matangazo ya wauzaji, zote hurundikwa chini ya neno moja, "siri", na likikosekana hilo basi "salama", ambalo halisemi chochote.

Kitenzi ficha

Tazama sasa kitenzi ficha. Husemwa "ameficha fedha". Lakini pia husemwa "amenificha habari", "tulimficha mgonjwa kifo cha nduguye", "usinifiche". Katika mifano hii ya pili kitenzi kimebeba yambwa mbili: jambo linalofichwa, na mtu anayefichwa jambo hilo. Tena huyo mtu ndiye apataye kiambishi ndani ya kitenzi. Jambo lenyewe laweza hata kuachwa, kama katika "usinifiche". Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili London, wenzangu Waingereza waliliona hili kuwa la ajabu, maana kwao anayefichwa huletwa kwa kihusishi mwishoni mwa sentensi, na mara nyingi hatajwi kabisa. Kwetu hukaa tumboni mwa kitenzi.

Mara kitenzi kigeuzwapo jina au kivumishi, mtu huyo hutoweka. "Usiri", "hali fiche", "mtandao binafsi": katika haya yote hakuna anayefichwa wala kinachofichwa. Yapendeza kuona kwamba Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ilindayo haki ya faragha, haikutosheka na jina. Yaendelea kutaja matendo: mtu, nyumba au mali yake kupekuliwa, vitu vyake kutwaliwa, habari za familia yake au mambo yake ya binafsi kutakiwa au kufichuliwa pasipo haja, mawasiliano yake kuingiliwa. Wanasheria walijua kwamba jina peke yake lingewaletea kesi.

Watu wa kawaida nao hulijua jambo hili bila kufundishwa. Mazungumzo ya namna hii ni ya kila siku katika baraza za Likoni:

"Ami, tia hii. Ukishaitia huonekani."

"Sionekani na nani?"

"Na mtu yeyote."

Kijana ndiye mtaalamu wa simu, lakini mzee ndiye aliyeuliza swali la kitaalamu. Na jibu alilopewa si kweli kwa programu yoyote iliyopata kutengenezwa.

Tuanze na lililo jepesi, yaani dirisha fiche. Dirisha hili halihifadhi orodha ya kurasa zilizosomwa wala vidakuzi vyake baada ya kufungwa. Karani wetu wa Changamwe amemficha mwenziwe wa zamu ya usiku atakayekalia kompyuta ile ile. Hakumficha mwenye bohari, ikiwa mawasiliano ya ofisi hupita katika mitambo yake. Hakuificha kampuni ya intaneti, wala hakuzificha tovuti alizozitembelea. Kosa hili si la Waswahili peke yao. Mwaka 2020 kampuni ya Google ilishtakiwa Marekani na watu waliodai kwamba walifuatiliwa ndani ya dirisha hilo, na mwaka 2024 ikakubali, katika mapatano, kufuta kumbukumbu nyingi mno zilizokusanywa. Wadai wale walisoma Kiingereza chao wenyewe wakaelewa vingine.

Mfano wa feri

Kwa VPN, feri ya Likoni yatupa mfano ulio wazi kuliko vitabu. Avukaye kwa miguu aonekana na kila aliye kivukoni. Ndivyo mtu atumiavyo intaneti hivi hivi: kampuni ya simu yaona tovuti aziendeazo, ingawa siku hizi, kwa sehemu kubwa, haioni asomacho ndani yake. Sasa mtu huyo apande gari lenye mapazia. Mlinzi wa feri aliona gari likiingia, ajua ni saa ngapi, na akitaka aweza kujua lina uzito gani. Hajui ataelekea wapi akishavuka. Na ng'ambo ya pili atakakoshukia, wenyeji waliona gari. Hawajui abiria ametoka nyumba gani.

Basi aliyepanda gari amemficha mlinzi safari yake, na amewaficha wenyeji atokako. Hakumficha dereva. Dereva ajua alimchukua mlango gani na kumshusha mlango gani, na ajua kila siku. Tena abiria akishuka na kujitangaza jina, yaani akifungua akaunti yake ya kila siku, mapazia hayakumfaa kitu.

Suala la dereva si la kinadharia. Kampuni ya Facebook iliinunua Onavo mwaka 2013. Programu yake ya VPN iligawiwa bure kwa jina la ulinzi, huku ikitumika kumwonyesha mwenyewe ni programu gani nyingine watu huzitumia. Apple iliitaka iondolewe katika duka lake mwaka 2018, na mwaka 2019 ikafungwa. Gari lilikuwa na mapazia mazuri kabisa. Ukimwambia mtu kwamba VPN "ni salama" huwezi kumweleza habari ya Onavo. Ukimwambia kwamba VPN humficha mlinzi lakini haimfichi dereva, ameielewa kabla hujamaliza.

Feri hiyo hiyo yatusaidia katika jambo jingine, ambalo mwaka 2024 na 2025 liliwahangaisha watu wengi wa pwani. Intaneti ikikosekana, Kiswahili kina vitenzi vitatu, navyo si kimoja: kufungwa, kukatika, kuzimwa. Novemba 2024, wakati wa mitihani ya taifa, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza Telegram izuiwe ili kupambana na wizi wa mitihani. Huko ni kufungwa: feri yaenda, ila abiria wa mtaa fulani hawaruhusiwi kupita, na mwenye gari la mapazia hupita. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM, ambazo zote mbili zatua Mombasa, zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini. Huko ni kukatika: vyombo viwili vimeharibika, vilivyobaki vimejaa, na mwenye mapazia husongamana pamoja na wengine. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, Tanzania ilizima intaneti nchi nzima, na hali hiyo ikaendelea siku kadhaa. Huko ni kuzimwa: hakuna feri. Mtu wa Likoni mwenye jamaa Tanga, akimshauri jamaa yake "atie VPN", amemshauri akodi gari kwenye kivuko kisicho na chombo. Na zaidi ya hayo, ushauri wenyewe haukuwa na njia ya kumfikia.

Juni 25, 2024, siku ya maandamano ya kuupinga Mswada wa Fedha, intaneti ya Kenya ilizorota mchana. Kampuni kubwa ya simu ilieleza kwamba nyaya mbili za baharini zilikuwa na hitilafu, wengi hawakusadiki. Twaona hapa kwamba kuchagua baina ya "umekatika" na "umezimwa" ni kutoa hukumu juu ya nani aliyetenda. Mwandishi wa habari asemaye "mtandao ulipotea" amekwepa hukumu hiyo, na pengine kwa makusudi.

Kufumba na kinyume

Limebaki neno la mama wa Mtongwe. Kwa kugeuza ujumbe usisomeke ila na mwenye ufunguo, wafasiri wana maneno mawili: "usimbaji fiche" na "ufumbaji". La kwanza humfanya msikilizaji amfikirie simba. La pili limetoka katika kazi ambayo watu wa pwani waliifanya kabla ya umeme. Kufumba ni kusema ili mmoja aelewe na wengine wasikie maneno matupu. Na aliyefumbiwa hufumbua. Washairi wa Mvita walifumba, na leso bado zafumba. Tofauti na simu ni kwamba fumbo la leso halina ufunguo mmoja: kila jirani hufumbua lake, na ugomvi huanzia hapo.

Mchezo wa kinyume wakaribia zaidi. Silabi ya mwisho huletwa mwanzoni: Changamwe ikawa Mwechanga, Likoni ikawa Niliko. Mtu asiyeijua kanuni hupotea. Akiijua, hakuna tena kinyume kitakachomshinda. Watu wengi hudhani kwamba ufumbaji wa simu ni wa namna hiyo, na ndiyo maana husitasita wakisikia kwamba programu kama Signal ni ya "chanzo wazi", yaani maandishi yake ya ndani yamewekwa hadharani asomaye asome. Ikiwa iko wazi, siri iko wapi? Swali ni la haki, na istilahi ndiyo iliyolizaa. Tangu mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs alikwisha andika kwamba mtambo wa kufumbia haupasi kutegemea kufichwa kwa kanuni yake. Hata adui akiipata, kilichofichwa kibaki kimefichwa. Kinachofichwa ni ufunguo, na katika simu ufunguo ni tarakimu nyingi ambazo hakuna awezaye kuzibahatisha. Kila mtu ajua jinsi kufuli linavyofanya kazi, na bado hawezi kufungua la jirani. Kanuni kuwa wazi kuna faida pia, maana waliosoma huona kasoro na kupiga kelele.

Lakini hata fumbo lililo imara lafumba yaliyosemwa tu. Bahasha hubaki nje: nani amemwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi. Mama wa Mtongwe amemficha kila mtu, hata mwenye WhatsApp, aliyomwambia mwanawe. Hakumficha mwenye WhatsApp kwamba ana mtu Dubai azungumzaye naye kila alfajiri. WhatsApp ilikamilisha ufumbaji wa mwisho hadi mwisho mwaka 2016. Januari 2021 ilipotangaza masharti mapya, uvumi ulienea kwamba sasa ujumbe utasomwa. Masharti yale yalihusu mawasiliano na wafanyabiashara, na habari zipelekwazo Facebook. Barua zilibaki zimefumbwa. Watu wengi walihama, baadhi yao wakaenda Telegram, ambako mazungumzo ya kawaida hayafumbwi mwisho hadi mwisho ila yale tu ambayo mtu ameyateua kuwa ya siri. Wakakimbia nyumba yenye kufuli kwa kuogopa kwamba mwenye nyumba huhesabu wageni, wakahamia nyumba ambayo funguo zake za kawaida anazo mwenye nyumba. Aliyehama akitafuta sitara na aliyehama akitafuta siri walitumia neno moja, na mmoja wao alipata hasara.

Mapendekezo mawili

Watakaosema kwamba kitenzi na yambwa zake hakitoshei katika kioo kidogo cha simu wana haki ya kuuliza. Lakini si lazima kiwe kirefu. "Hali fiche" yaweza kuandikwa "Usikumbuke". Ni amri kwa simu yenyewe, ni kweli tupu, na haichukui nafasi zaidi.

Kwa VPN napendekeza mpitishi. Changamwe yote yajua maana ya kupitisha mzigo bandarini: wakala hukupitishia, wenye forodha huona karatasi zake, na yeye huona kasha lako. Jina hili laingia katika ngeli ya watu, na hapo ndipo penye faida yake. Mtu akisema "nina VPN", wenziwe humwuliza ameipata wapi. Akisema "nina mpitishi", sarufi yenyewe huwavuta kumwuliza ni nani.